Gundi, Bandeji na Bati la Kopo: Kuziba Bomba la Moshi la Gari Ukiwa Nyumbani

Watazamaji wangu, karibuni. Hapa mezani nimeweka vitu vinne: kopo la gundi ya ekzosi, yaani ya bomba la moshi, bandeji ya ekzosi ikiwa bado kwenye mfuko wake, gundi ya chuma ya mirija miwili, ile ya kuchanganya, na kipande cha bati nilichokikata kwenye kopo la nyanya. Vitatu vya kwanza nilivinunua kwa fedha yangu katika maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam. Majina ya kwenye vifungashio nimeyafunika kwa utepe, kwa kuwa ninachokipima leo ni aina ya dawa na namna inavyofanya kazi, na aina hizi hutengenezwa na viwanda vingi.

Gari nililolifanyia majaribio ni dogo, la mtumba kutoka Japani, na linalala Kigamboni, mahali ambapo upepo wa bahari unalifikia usiku kucha. Kazi yake kubwa ni safari fupi za kivukoni, sokoni na shuleni. Naomba mlishike hilo la safari fupi, kwa sababu ndilo lililolila bomba hili. Petroli ikiungua hutoa maji, na lita moja ya petroli hutoa maji yanayokaribia lita moja, ila huyaoni kwa sababu hutoka yakiwa mvuke. Gari likienda mbali, bomba lote hupata moto na mvuke huo huishia nje. Likienda dakika kumi na kuzimwa, mvuke hugeuka maji ndani ya sailensa, lile kopo la kupunguza kelele za moshi, hujichanganya na asidi za moshi, kisha hukaa humo mpaka kesho ukilitafuna bati kwa ndani. Tundu linapoonekana nje, kutu imekwisha kufanya kazi humo kwa miaka.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kopo lolote, chukueni bisibisi, mgeuze mpini wake, na mgonge bomba taratibu kuanzia kwenye tundu kwenda pande zote mbili, injini ikiwa imepoa kabisa. Sikilizeni: hapa chuma kinalia kwa sauti kavu, inayosikika mpaka mwisho wa bomba, na hapo kiko hai. Hapa sauti inafifia na inakuwa nzito kama ya kugonga ubao uliolowa, na unga wa kahawia unadondoka. Nikiigeuza bisibisi na kusukuma kidogo kwa ncha, inazama. Tundu lililokuwa na upana wa punje ya hindi limekuwa la ukubwa wa sarafu, na huo ndio ukubwa wake wa kweli. Mtu akipaka gundi juu ya chuma kilichokufa, gundi itashika vizuri, lakini itakuwa imeshika kutu, na kutu itabanduka pamoja nayo.

Jambo la pili la kujiuliza ni umbali kutoka kwenye injini. Pale moshi unapotokea kwenye silinda, chuma kinaweza kufika nyuzi 600 za Selsiasi na zaidi injini ikifanya kazi nzito, na kadiri bomba linavyokwenda nyuma ndivyo joto linavyopungua, hata kwenye sailensa ya mwisho ni nyuzi mia moja na kitu hadi mia tatu hivi. Dawa hizi zote tatu zinauzwa kwa mtu mwenye tundu mbele na kwa mwenye tundu nyuma, nami naona hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotezea fedha.

Nianze na gundi ya chuma ya mirija miwili, kwa sababu ndiyo iliyoniangusha. Nilipoliona tundu mara ya kwanza, jioni ile ile nilichanganya gundi hii, nikaipaka, nikaiacha ikauke usiku mzima. Asubuhi ilikuwa ngumu kama jiwe na nilifurahi sana. Niliendesha mpaka Mbagala na kurudi, na niliporudi kivukoni muungurumo ulikuwa umerudi nao. Gundi ilikuwa imelainika, ikapanda mapovu, na kipande kizima kilikuwa kimeondoka. Gundi za namna hii ni epoksi, na nyingi huanza kulegea joto likizidi lile la maji yanayochemka. Zipo zilizotengenezwa kwa kuvumilia hadi nyuzi 260 hivi, na hizo zinaweza kufaa kwenye mkia wa bomba, nyuma ya sailensa. Yangu haikuwa ya aina hiyo, na maelezo ya joto yaliandikwa nyuma ya pakiti kwa herufi ndogo ambazo sikuzisoma. Kwa ekzosi siipendekezi.

Sasa kopo la gundi ya ekzosi. Ukilifungua unakuta kitu cha kijivu, kizito kama uji wa ulezi ulioanza kupoa. Msingi wake ni silikati ya sodiamu, ambayo ni aina ya kioo kilichoyeyushwa katika maji, ikichanganywa na unga unaostahimili moto. Haiogopi joto, na kwa hilo inastahili sifa. Udhaifu wake ni wa namna mbili. Kwanza, hukauka kwa kupoteza maji, na maji hayo yakitolewa kwa pupa huchemka ndani ya gundi. Tazameni kipande hiki cha majaribio nilichokipasha moto mara tu baada ya kupaka: kimeumuka kama andazi na kati yake ni matundu matupu. Hiki cha pili nilikilowesha maji kidogo kabla ya kupaka, nikapaka tabaka jembamba, nikakiacha usiku, kisha nikawasha injini bila kukanyaga mafuta kwa dakika kumi, nikazima, nikarudia. Hakina mapovu na kimeng'ang'ania. Pili, ikishakauka ni kigae. Ukiigonga inaitika kama sahani, na kama sahani haikunjiki hata kidogo, wakati bomba la gari hutikisika muda wote injini inapowaka. Ndiyo maana ninaikubali kwa vitundu vya ukubwa wa kichwa cha kiberiti na kwa maungio yanayovuja moshi kidogo, lakini kuziba nayo peke yake tundu la ukubwa wa sarafu ni kujitafutia kazi ya kila mwezi.

Kilichonifaa ni kuviunganisha vitu vitatu, na hapa naomba twende polepole.

Nililiinua gari kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi, kwenye sakafu ngumu, matairi ya upande wa pili yakiwa yamewekewa vigingi. Tafadhalini, mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Nilisugua bomba kwa brashi ya waya na kisha msasa, sentimita tano kila upande wa tundu, mpaka nikaona chuma cheupe, nikalifuta kwa kitambaa chenye spiriti. Kazi hiyo ilinichukua saa nzima, na kazi nyingine zote zilizofuata hazikufika nusu saa.

Bati la kopo la nyanya nililikata kwa mkasi wa bati lizidi tundu kwa sentimita tatu kila upande, nikalikunja juu ya bomba la maji lenye unene unaokaribiana ili lipate duara. Nilichagua kopo la nyanya kwa sababu ni chuma, tofauti na kopo la soda ambalo ni alumini nyembamba sana. Nilipaka gundi ya kijivu kuzunguka tundu, nikalikandamiza bati juu yake, nikalikaza kwa klipu mbili za chuma, zile za kukazia mipira ya maji ya rejeta. Juu ya yote hayo nikazungusha bandeji, ambayo ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilichonyweshwa dawa inayoganda kwa joto, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, kisha foili na waya vilivyokuja nayo. Vaeni glavu, kwani nyuzi za kioo zikiingia kwenye ngozi zinawasha siku mbili. Injini ikipata moto mara ya kwanza, dawa ya bandeji hutoa moshi wenye harufu kali kwa robo saa hivi. Mimi nilifanya hivyo uani, vioo vya gari vikiwa wazi na watoto wakiwa mbali.

Hili la moshi silipiti haraka. Ndani ya moshi wa ekzosi mna monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Tundu likiwa chini ya viti vya abiria, hewa hiyo hupanda ndani kupitia tundu lolote la sakafu. Mtoto anayelalamika kichwa na kichefuchefu kila akipanda gari anaweza kuwa anavuta hewa hiyo, na gari hilo lisitumike mpaka bomba lizibwe na kukaguliwa. Kukagua ni rahisi: injini ikiwa baridi, mmoja aiwashe, mwingine mwenye glavu nene azuie mdomo wa bomba kwa kitambaa kilichokunjwa kwa sekunde chache, nanyi mpake povu la sabuni juu ya kiraka. Povu likitoa malengelenge, panavuja.

Wengi mtaniuliza kwa nini nisiende kwa fundi wa kuchomelea. Bomba likiwa bado na unene wa kutosha, nendeni, kwani hakuna kiraka kinachoshinda bomba jipya lililochomelewa vizuri. Lakini bati la bomba jipya huwa na unene wa milimita moja na nusu au chini yake, na langu lilikuwa limeliwa zaidi ya nusu, na fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5 inapogusa bati la namna hiyo inatoboa tundu kubwa kuliko lililokuwapo. Mkienda, ondoeni waya hasi wa betri kwanza, mwangalieni fundi asifanye kazi karibu na tangi la mafuta bila kinga, wala asitumie kipande cha bati la kuezekea. Bati hilo limepakwa zinki, na mvuke wa zinki inayoungua humletea fundi homa na kutetemeka usiku ule.

Kuna sehemu mbili ambazo nisingezigusa kwa dawa yoyote ya mezani hapa. Moja ni bomba la kukunjika lenye wavu wa chuma karibu na injini, kwa sababu lipo ili licheze, na kiraka kigumu kitapasuka siku ile ile. Nyingine ni eneo la kabla ya sensa ya oksijeni, kifaa kinachopima oksijeni ndani ya moshi, na masega, sehemu inayosafisha moshi. Uvujaji hapo huingiza hewa ya nje, sensa ikaidanganya kompyuta ya gari, na gari likaanza kula mafuta. Silikoni za kuzibia gasketi nazo zisipakwe hapo, maana mvuke wake unaweza kuiharibu sensa.

Kiraka changu leo kina miezi mitano. Kamera ikisogea mtaona ufa mwembamba kama unywele kwenye ukingo wa nyuma wa bandeji, karibu na klipu ya pili, ambapo nilikaza kuliko ilivyohitajika. Nimepaka povu la sabuni asubuhi hii na halikutoa lengelenge hata moja. Jumamosi nitapitisha gundi ya kijivu juu ya ufa huo, tabaka jembamba, na kuiacha mpaka Jumapili kabla ya kuwasha gari.