Linux Mint Xfce kwenye kompyuta mpakato ya inchi 11.6: uzoefu wangu

Nianze na mashine yenyewe, maana toleo la Linux (mfumo endeshi wa bure, mbadala wa Windows) linalofaa linategemea kilichomo ndani. Ni kompyuta mpakato ya inchi 11.6, kioo cha pikseli 1366 kwa 768, prosesa ya Celeron N3350, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, kwa hiyo haiongezeki, na hifadhi ya eMMC (chipu ya kutunzia mafaili) ya GB 64. Ilikuja na Windows 10, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwenda Windows 11 haikuwezekana kwa njia rasmi. RAM na hifadhi zinatimiza kiwango cha chini, lakini prosesa hiyo haimo kwenye orodha ya zinazokubalika. Zipo mbinu za kuukwepa ukaguzi huo. Mimi sikutaka mfumo ambao kila sasisho linapokuja najiuliza kama nitaamka na kompyuta au na kipande cha plastiki.

Basi Linux. Ukiuliza watu utumie ipi, ubishi unaanzia kwenye jina: Ubuntu, Debian, Fedora, Mint. Kwa mashine ndogo ubishi huo hausaidii sana. Jina linakuambia programu zinatoka wapi na masasisho yatakuja hadi lini. Lakini kitakachokukera au kukufurahisha kila siku ni eneo-kazi: madirisha, menyu, upau wa chini. Linux Mint ina matoleo makuu matatu, Cinnamon, MATE na Xfce. Ndani ni mfumo uleule, na tofauti iko kwenye sura na uzito.

Niliyajaribu kwa flashi kabla ya kusakinisha chochote. Hapo pana tahadhari: usipime kasi ukiwa unaendesha mfumo kutoka kwenye flashi, kwa sababu flashi yenyewe ni ya kujivuta na baadhi ya mafaili yanakaa kwenye RAM. Pima vifaa. Je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Vitufe vya mwangaza vinafanya kazi? Ukifunga kifuniko na kukifungua tena, mashine inaamka? Kwangu vyote vilikubali.

Cinnamon ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho, sibishi. Lakini inaitegemea sana kadi ya picha kuchora madirisha, na kwenye Celeron hii menyu ilikuwa inafunguka kwa kusitasita, jambo ambalo linachosha zaidi ya unavyodhani. Isitoshe, kabla sijafungua chochote ilikuwa imeshakula zaidi ya GB 1 ya RAM. Xfce ilikaa chini ya hapo. Tofauti ya MB mia chache inaonekana ndogo, ila kwenye GB 4 hizo ni kurasa kadhaa za kivinjari. Na tusidanganyane: hakuna toleo litakalokuokoa na kivinjari. Ukifungua kurasa ishirini, Xfce nayo itapumua kwa shida. Nilichofanya ni kuwasha zram, ambayo inabana data ndani ya RAM yenyewe kabla mfumo haujaanza kuimwaga kwenye eMMC, na eMMC ni goigoi.

Kilichonifanya nibaki na Xfce, hata hivyo, ni kimo cha kioo. Pikseli 768 kwenda chini ni chache mno. Toa upau wa chini, toa kichwa cha dirisha, toa safu ya vichupo na ya anwani, halafu tazama kilichobaki cha kusoma. Xfce inakuachia uukate na kuushona upau huo utakavyo. Niliuhamishia upau upande wa kushoto, ukasimama wima, kwa kuwa upana ninao wa kutosha. Kisha kwenye mipangilio ya ziada ya madirisha kuna kisanduku cha kuficha kichwa cha dirisha linapojaa kioo kizima. Ukikitia alama, mistari miwili mitatu ya maandishi inarudi. Kwa anayesoma na kuandika siku nzima, hiyo si tofauti ndogo.

Kuna madirisha ya mipangilio yaliyo marefu kuliko kioo, kitufe cha kuthibitisha kimezama chini hukioni. Shikilia Alt, bonyeza popote ndani ya dirisha, livute juu. Alt na kitufe cha kulia cha kipanya inalipanua au kulipunguza, na utaihitaji, kwa sababu kingo za madirisha ya Xfce ni nyembamba kiasi kwamba kuzilenga kwa padi mguso ni adhabu. Ishara za vidole vitatu pia hazipo. Cinnamon inazo. Hilo ndilo ninalolikosa.

Hifadhi ya GB 64 inataka nidhamu. Baada ya kusakinisha, Mint inakushauri uwashe Timeshift, inayotunza picha za mfumo ili uweze kurudi nyuma mambo yakiharibika. Ni kitu kizuri, ila picha hizo zikikaa humohumo kwenye eMMC zinaweza kuijaza bila wewe kujua. Mimi nabakiza moja tu, tena kwenye diski ya nje. Jambo la pili ni Flatpak, aina ya kifurushi cha programu kinachojitegemea. Meneja wa programu wa Mint mara nyingi hukupa programu moja kwa njia mbili, kifurushi cha kawaida cha mfumo au Flatpak, na Flatpak ya kwanza huburuta msururu wa vitu vya kuitegemeza, hata kama programu yenyewe ni ndogo. Chagua kifurushi cha mfumo kila kinapopatikana. Kernel (kiini cha mfumo) za zamani nazo, meneja wa masasisho anaweza kuziondoa mwenyewe ukimruhusu.

Lubuntu, yaani Ubuntu yenye eneo-kazi la LXQt, niliifikiria kwa uzito. LXQt yake ni nyepesi. Lakini Lubuntu 24.04 ina huduma ya miaka mitatu tu, hadi 2027, wakati Mint 22 inafika 2029. Pia kivinjari cha Firefox cha Lubuntu kinakuja kama snap, kifurushi kingine kinachojitegemea, na kwenye hifadhi ya polepole snap huchelewa kufunguka mara ya kwanza. Mint inaleta Firefox ya kifurushi cha kawaida.

LibreOffice, programu za ofisi za bure, inatosha kwa nyaraka zangu, ingawa jedwali gumu la Word huweza kuhama mahali pake. Kama kazi yako inategemea programu ya Windows tu, hakikisha mbadala wake kwanza.

Mwenye RAM ya GB 2, mimi ningempeleka Lubuntu au antiX, Linux nyingine nyepesi. Na kabla ya yote, angalia sehemu ya Kuhusu kwenye mipangilio ya Windows kama prosesa ni ya biti 64. Ikiwa ni ya 32, Mint ya kawaida haitaingia tangu toleo la 20 la mwaka 2020, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 nayo haina tena kisakinishi cha biti 32. antiX 23 bado ipo kwa ajili ya mashine hizo.