Uzoefu wangu: marini bodi ya milimita 12 kwa vibao vya mdomo wa msumeno wa meza na jigi za pembe

Kwa msumeno wa meza wa inchi 10 unaosimama karakanani, sijapata kitu kinachoishinda marini bodi, ile plaiwudi yenye utando inayotumika kumwagia zege, kwa kazi hii. Ule utando wake mweusi unateleza, bodi haivimbi haraka kwa unyevu, na ukingo wa mkato haumeguki kama wa MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa). Nunua mpya. Vipande vilivyokwisha kumwagiwa zege vinauzwa rahisi, lakini vina chembe za saruji na misumari iliyofichika, na meno ya kabaidi hayavumilii hayo.

Kibao cha mdomo, yaani kifuniko cha uwazi wa meza bledi inapotokea, kile kinachokuja na msumeno kina tundu pana kwa sababu bledi lazima iweze kulala mpaka digrii 45. Upana huo ndio tatizo. Nyuzi za mbao zinakosa pa kuegemea pale meno yanaposhuka, hivyo upande wa chini unachanika. Vipande vyembamba vya ukingo navyo hutumbukia, hubanwa na bledi, kisha hurushwa kwa fundi. Dawa ni kibao kisicho na tundu, kinachotobolewa na bledi yenyewe, na kila pembe iwe na chake.

Bandika kibao cha kiwandani juu ya bodi kwa tepu ya kunata pande mbili, kata kwa jigiso ukiacha milimita 1 hadi 2 nje ya mstari, halafu malizia kwa ruta yenye biti ya beringi. Toboa matundu manne ya milimita 5, yachonge nyuzi kwa tapu ya M6, weka skrubu zisizo na kichwa za kusawazishia. Mbele kibao kiwe sawa na meza au chini kidogo sana. Nyuma kiwe sawa, kamwe kisiwe chini, la sivyo mbao itagota ikitoka. Kwenye ukingo wa nyuma pigilia skrubu ndogo iliyochomoza milimita 5, iingie chini ya mdomo wa meza. Meno ya nyuma yanapanda, nayo yanaweza kukinyanyua kibao. Skrubu hiyo si ya hiari.

Ugumu uko kwenye kutoboa kwa pembe. Teremsha bledi kabisa, ilaze digrii unayotaka, hakikisha kwa kipimapembe cha dijitali ulichokisifirisha juu ya meza, kisha ndipo uweke kibao. Kama bledi inagusa kibao hata ikiwa chini, chonga mfereji upande wa chini kwa ruta. Kibane kwa kipande cha mbao kilichofungwa kwa klampu huku na huku, upande ambao bledi hailali. Kwa digrii 45, bledi ikipanda milimita 50 imesogea pembeni milimita 50 vilevile, kwa hiyo pima njia yake kabla ya kuwasha. Washa, pandisha polepole, simama kando. Bledi ya unene wa milimita 3.2 itaacha mwanya wa kama milimita 4.5 juu ya kibao. Upande mmoja wa mwanya unabaki mkali kama ukingo wa patasi, na hapo ndipo MDF hupukutika na marini bodi ikadumu.

Baada ya hapo zima, chomoa waya, urefushe mwanya kwa nyuma ili kisu cha nyuma, lile bati jembamba linalosimama nyuma ya bledi, kipite. Anayekiondoa kisu hicho ili kibao kikae vizuri ameondoa kinga kuu ya mbao kurushwa nyuma. Andika pembe juu ya kila kibao kwa rangi: 45 kwa sanduku la pande nne, 30 kwa pande sita, 22.5 kwa pande nane. Usibadilishe ulalo wa bledi kibao kikiwa mahali pake. Katika kupasua kwa ulalo, fensi (ukingo wa kuongozea mbao) ikae upande ambao bledi hailali, mbao isinaswe chini yake. Na kosa la nusu digrii kwa kila mkato wa sanduku la pande nne hujumlika kuwa digrii 4 kwa mikato minane.

Bodi hiyohiyo inafaa kwa kigari cha fremu, yaani jigi ya pembe inayoteleza juu ya meza ikibeba kipande kinachokatwa. Reli iwe ya mninga mkavu, milimita 19 kwa 9.5 kama mfereji wa meza ni wa kipimo hicho cha kawaida. Gundi haishiki juu ya utando, kwa hiyo uondoe kwa msasa namba 80 hadi uone mbao. Vibao viwili vya kuegemeza kazi vikutane kwa digrii 90 kamili. Hata kila kimoja kikikosa 45 kidogo, kona itafunga ukikata kipande kimoja kwa kila upande. Skrubu zikae mbali na njia ya bledi, na mahali bledi inapotokea gundisha gogo la milimita 50, vidole visifike hapo.

Sifa hizi haziihusu misumeno ya kubebeka ambayo kishikizo cha kibao kina kina cha milimita 3 tu. Ukiichonga bodi hadi unene huo, safu zinazobaki ni dhaifu. Huko tumia bati la alumini la milimita 3, mwanya wake uukate mapema kwa msumeno wa chuma, na chini yake funga kipande cha plaiwudi kwa ugumu.