TAHADHARI: Aliyeniuzia mashine ya risiti hakunipa risiti

Wenye migahawa wa Arusha someni hii, na nyie wa Moshi pia, maana nimeambiwa jamaa kaonekana maeneo ya Mbuyuni. Nimekaa nayo moyoni wiki mbili kwa aibu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Ilikuwa Jumanne ya ile wiki ya baridi kali, saa saba mchana, meza zimejaa, mhudumu wangu Neema yuko peke yake (mwenzake alishaondoka). Akaingia kaka mmoja, shati jeupe limenyooka, kitambulisho shingoni kimegeuka nyuma mbele. Akaagiza ndizi nyama na bakuli la mtori. Akala taratibu, akapangusa mdomo, akaniita: "Mama, naomba risiti." Mashine yangu ya zamani ya risiti nilikuwa siitumii, nikamwandikia ya kitabu. Akaishika kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa chooni. "Mama, hii ni karatasi. Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mimi nadai."

Meza ya pili wakaacha kula. Nilisikia masikio yanawaka. Nikamvuta pembeni karibu na jiko, nikaanza kujieleza kama mtoto aliyevunja sahani. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akalegea, akatabasamu. Akasema yeye si mtu wa kukamata watu, kazi yake ni kufungia wafanyabiashara mfumo mpya, na wengine kwenye barabara yetu hii wamebakiza siku chache tu wafikiwe. Akanitajia faini ya mamilioni. Akanitajia na TIN yangu (namba ya mlipakodi), tarakimu zote tisa, bila kusoma mahali! Leo ndiyo nakumbuka cheti cha TIN nimekibandika ukutani, futi mbili kutoka kwenye kiti alichokalia.

Msiniambie nilikuwa mjinga. VFD, mfumo wa risiti usio na mashine, ipo kweli, si hadithi, watu wanatoa risiti halali kwenye kompyuta na simu bila lile limashine la risiti za kodi, EFD. Nilishaisikia, nikajua ndiyo hii. Na nilikuwa na haraka. Kampuni ya utalii ninayoipelekea lanchi boksi ilishasema bila risiti ya EFD hakuna malipo, na huu ndio msimu wetu wa wageni, sote tunaishi kwa hiyo miezi.

Kesho yake akaja na kishikwambi na printa ndogo ya kushika mkononi. Laki sita na nusu. Nikatuma laki nne kwa simu palepale, jina likaja la mwanamke. Akasema ni mhasibu wao. Iliyobaki nikamalizia Ijumaa, na kila mwezi elfu thelathini "ya mfumo". Akanifundisha mwenyewe, akaandika chai mbili na chapati nne, printa ikalia kriii, risiti ikatoka. Nembo ipo, TIN ipo, jina la mgahawa limeandikwa vizuri kuliko kwenye bango langu la nje. Akaniambia, "Skani mama, usiniamini mimi." Nikaskani ile alama ya QR kwa simu yangu, likaja jina la mgahawa na kiasi. Nilifurahi nikamwekea sambusa za njiani. Sambusa!

Nikamuuliza, ripoti ya Z je, ile ya jumla ya mauzo ya siku? Maana ile mashine ya zamani kila jioni lazima uitoe. Akacheka. "Hii inajifunga yenyewe usiku, mama lala."

Nililala miezi mitatu.

Aliyeniamsha ni mhasibu wa kampuni ya utalii, binti mdogo tu. Nimepeleka risiti za lanchi boksi 124 za 15,000, yaani 1,860,000 yangu. Akaskani moja, ya pili, ya tatu, akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko matusi. "Mama, hizi hazipo." Akanionyesha yake ya kituo cha mafuta: ukiskani inakupeleka kwenye ukurasa wa TRA, mamlaka ya mapato, wa kuhakiki, unaiona risiti kama ilivyopokelewa kule. Yangu ilikuwa inaleta maandishi matupu, haiendi popote. Halafu akaniuliza, "Mama umesajiliwa VAT?" Yaani kodi ya ongezeko la thamani. Sijasajiliwa, mauzo yangu ya mwaka hayajafika hata karibu na ile milioni 200 ya kulazimika kusajiliwa. Sasa kwa nini risiti zangu zinaonyesha asilimia 18? Miezi mitatu nawaandikia wateja kodi ambayo sina ruhusa ya kuitoza, na sikuiona. Nilikuwa naangalia jina langu lilivyopendeza.

Nimeenda TRA mwenyewe na mfuko wa risiti. Kwenye TIN yangu hakuna kifaa kipya kilichosajiliwa, ni ile mashine ya zamani tu. Mauzo yote ya miezi mitatu ni kama sikutoa risiti, tunahesabu upya siku kwa siku kwa daftari la Neema. Mungu ambariki Neema na daftari lake. Na polisi nimeandikisha.

Simu ya jamaa haipatikani. Ile namba ya "mhasibu" inaita, anapokea mtoto.

Kwa hiyo angalieni: kabla hujatoa hela nenda TRA uulize kama huyo muuzaji ameidhinishwa. Ukishafungiwa, hakiki risiti yako ya kwanza wewe mwenyewe kwenye tovuti ya TRA, usitosheke na kinachotokea ukiskani. Akisema hakuna Z, mtoe. Malipo kwenda jina la mtu, mtoe. Na hili linanikera mpaka usiku: mtu kaniuzia mfumo wa risiti, kachukua jumla 740,000, na hakunipa risiti hata moja, wala mimi sikudai! Vyeti vya TIN ondoeni karibu na viti vya wateja, na kama lazima vionekane, basi viwekeni juu.

Huyu akikamatwa nataka aletwe hapahapa mchana watu wamejaa, aeleze mbele ya meza zote. Afungwe. Arudishe hela, aoshe na masufuria ya mtori kwa mwezi mzima, ndipo afungwe tena. Ukimwona kaka wa shati jeupe anayekula polepole, piga simu polisi kabla hajamaliza kula.

Maana ile ndizi nyama ya siku ya kwanza hakuilipa. Alisema bila risiti halali hawezi kutoa hela yake.