Unga wa Kuotesha Mizizi: Unafaa Kitaluni, Haufai Shambani

Unga huu mweupe, unaouzwa katika kikopo kidogo kwenye maduka ya pembejeo, una asidi ya indoli-butiriki kwa kiwango cha asilimia 0.3, ambayo ni homoni ya jamii ya oksini, yaani homoni za mimea zinazoongoza ukuaji na kuota kwa mizizi. Nimeutumia kwa vipandikizi vya mlimau na mpera, na kwa mlimau sina lawama: ncha iliyokatwa chini ya kifundo, ikachovywa na kukung'utwa ili unga usigande, ilivimba kwanza, kisha ikatoa mizizi mingi pande zote, ilhali vipandikizi visivyopakwa vilitoa michache ya upande mmoja. Mpera ulisumbua, matawi yaliyokomaa yalioza, na machanga tu ndiyo yaliyoshika.

Tatizo ni kijikaratasi kilichomo ndani, kinachoshauri unga uliobaki ukorogwe kwenye maji na miti mikubwa imwagiliwe. Oksini ikizidi hudumaza mzizi badala ya kuurefusha, na bakteria wa udongoni huivunjavunja, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha yako huishia kuwalisha wao. Isitoshe, baadhi ya bakteria, kama Azospirillum, hutengeneza oksini wenyewe karibu na mizizi, tena bila malipo. Kopo hili pia lina dawa ya ukungu, ambayo kitaluni huzuia uozo, lakini shambani inaweza kudhuru fangasi wanaoishi na mizizi ya michungwa na kuisaidia kupata fosforasi.

Kwa kitalu nitaununua tena, ingawa kifuniko hakifungi vizuri na unyevu huuharibu upesi.