Ville au cité: neno lipi la Kifaransa kwa mji?

Kwa upana wa matumizi, ville haina mpinzani: hutaja mji wowote, mdogo kama Deauville au mkubwa kama Paris, na ndiyo inayounda centre-ville, yaani katikati ya mji, na hôtel de ville, ambayo, licha ya sura yake, si hoteli bali ni ofisi ya meya. Asili yake ni villa ya Kilatini, shamba lenye nyumba, ndiyo maana vijiji vingi vya Normandie, eneo la kaskazini mwa Ufaransa, vina majina yanayoishia na -ville.

Cité, iliyotokana na civitas, yaani jumuiya ya raia, ina maana finyu lakini nzito zaidi. Huweza kuwa kiini cha kale cha mji, kama kisiwa cha Île de la Cité cha Paris au ngome ya mji wa Carcassonne, kusini mwa Ufaransa. Huweza pia kuwa mabweni ya wanafunzi, au majengo ya makazi ya bei nafuu pembezoni mwa mji, na hapo mgeni hukosea kwa urahisi.

Nchini Kongo tofauti hiyo ina kovu la ukoloni, kwani chini ya Wabelgiji ville ilikuwa mtaa wa Wazungu na cité mtaa wa Waafrika.

Anayeuliza njia au kujaza fomu atumie ville. Anayesimulia historia au maisha ya mitaani atahitaji cité, mradi muktadha uonyeshe ni ipi.