Nimepiga Mauser 71, bunduki ya askari wa Mjerumani: bolti tamu, moshi balaa

Wadau, ukitaja Mauser kila mtu anarukia ile ya 98 (yan ya mwaka 1898), hii ya 1871 ambayo ndo mama yao wote watu wanaipita tu kwenye kabati la makumbusho. Mi nimebahatika kuishika na kuipiga, kuna jamaa nafanya naye kazi huku Ujerumani yuko kwenye klabu ya shabaha na anayo moja, Jägerbüchse 71, yan ile fupi kidogo, vibali vyote anavyo, na ndo aina ileile waliyobebeshwa askari wetu kule Afrika Mashariki ya Wajerumani. Nikasema hapana, hii lazima niiandikie.

Kwanza mujue ilikotokea. Jeshi la Prussia, dola kubwa la Wajerumani enzi hizo, lilikuwa na bunduki ya Dreyse, ya sindano, risasi yake imefungwa kwa karatasi, na kwenye vita vya 1870 Mfaransa akaja na Chassepot inayopiga mbali kuliko wao. Vita Mjerumani alishinda, lakini bunduki ilimtia aibu. Hapo ndo wakaingia ndugu wawili wa Oberndorf, Wilhelm na Paul Mauser, wakaleta bunduki ya risasi moja moja yenye ganda la shaba, kipenyo cha milimita 11, ikapita. Ile ndefu ya askari wa miguu ni mita 1.35 bila singe na uzito kama kilo 4 na nusu, kwaiyo usidanganyike na picha, ni chuma na mti wa kutosha.

Sasa bolti, yan kile chuma cha nyuma kinachofungua na kufunga chemba ya risasi. Aisee. Inafanya kazi kama komeo la mlango, unanyanyua mkono, unavuta, unasukuma, unalaza, basi. Utamu wake ni kwamba ukinyanyua tu ule mkono, pini ya kufyatulia inajikoki yenyewe, wakati kwenye Dreyse ulikuwa unaikoki kwa hatua ya peke yake kabla hujafungua. Na palepale unaponyanyua, bolti inalivuta ganda kidogo likaachia, kwaiyo likinata baada ya kupigwa huhangaiki kuling'oa. Nyuma kabisa kuna kibawa cha usalama, ukikilaza kulia imefungwa, ukikirudisha kushoto iko tayari, unakiona kwa jicho na unakigusa kwa kidole gumba hata gizani. Kibawa hicho kilikaa mpaka kwenye 98. Mtu akibuni kitu mara moja na kikadumu hivo, mpe heshima yake.

Ila kuna kitu kimenishangaza, haina kitu cha kurusha ganda. Kabisa! Bolti inalitoa ganda kwenye chemba afu inaliacha limelala palepale kwenye beseni, yan ule mfereji ulio wazi nyuma ya chemba, we ndo ulitoe, unaiinamisha bunduki upande wa kulia unaitikisa kidogo likadondoka, au unalipiga kwa vidole, na lina moto. Kwenye uwanja wa shabaha unacheka, lakini weka mtu amelala kwenye majani, jasho, watu wanamkimbilia, na kila risasi anatakiwa ainamishe, atoe, aingize mkono kwenye mkoba, achukue nyingine, aweke, asukume. Hapo mi nakata nyota bila huruma.

Kupiga kwenyewe: risasi yenyewe ni gramu 25 za madini ya risasi tupu, inatoka kama mita 440 kwa sekunde, si ya kasi lakini ni nzito. Bega linasukumwa, halipigwi, tofauti na za baruti ya kisasa zinazokutandika kofi. Shabaha iko vizuri tu, mita 100 nilikuwa naweka kwenye karatasi bila shida na mi si mtu wa bunduki. Tatizo ni kwamba baada ya kufyatua sikuiona hiyo karatasi. Baruti nyeusi bana! Wingu jeupe linatanda mbele yako, siku isiyo na upepo linakaa, unasubiri, na linanuka yai viza. Mtu yeyote aliye mbele anajua ulipo kwa usahihi kabisa.

Na hapa ndo historia yake inaniuma. 1886 Mfaransa akatoa Lebel yenye baruti isiyo na moshi, kuanzia siku hiyo bunduki zote za baruti nyeusi duniani zikawa mitumba. Mjerumani akaharakisha akaleta mpya 1888, afu 98. Na hizi 71 zilizojaa stoo? Nyingine zikauzwa nje, 900 ziliishia Howth huko Ireland Julai 1914, zimeshushwa kutoka kwenye boti ya Asgard mchana kweupe, na miaka miwili baadae waasi wa Ireland waliompinga Mwingereza wakaingia nazo mitaani Dublin. Nyingine ndo wakapewa askari wa makoloni. Yan mzungu wa Berlin ana magazini ya risasi tano na baruti safi, askari wa Tanga ana kitu cha umri wa baba yake.

Kwetu ilianza kuaibika mapema. Agosti 1891 pale Lugalo, karibu na Iringa, Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, yule waliyemwita Nyundo, kwa mikuki, karibu kwa karibu, na bunduki ya risasi moja moja haikusaidia kitu. Zelewski akafa, Wahehe wakaondoka na bunduki kama 300. Kama umenisoma hapo juu kwenye ganda kutolewa kwa mkono, unaelewa kabisa mtu aliyeshafika na mkuki hakungoji.

Vita vya 1914 vinaanza, kampani nyingi za askari bado zina hii 71. Novemba mwaka huohuo Waingereza wanashusha watu kama 8,000 Tanga, wengi kutoka India, upande wa pili von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana watu kama 1,000, na wakawatimua mpaka melini. Kuna watu wanalitumia hilo kusema bunduki ilikuwa nzuri. Hapana, walioshinda ni askari, waliokuwa wamefunzwa na wanapajua, na bunduki za rashasha zikasaidia. Ushahidi ninao: kitu cha kwanza walichokimbilia baada ya ushindi ni bunduki za Mwingereza zilizoachwa, zikatosha kampani tatu, pamoja na risasi 600,000 na rashasha 16. Mtu mwenye kitu kizuri habadilishi haraka hivo. Aprili 1915 meli ya Mjerumani, Rubens, ikapenya na bunduki za kisasa mpaka ghuba ya Manza, na vita vilipoisha 1918 kule Abercorn, leo Mbala, Zambia, bunduki walizokabidhi zilikuwa za Kiingereza na Kireno. 71 ilishaachwa njiani zamani.

Kwaiyo nyota: bolti tano kwa tano, uimara tano, huyu jamaa yake ina zaidi ya miaka 130 na bado inafunga kwa mlio mzuri. Kutoa ganda, nyota moja. Kwenye moshi, nyota sifuri, na hilo si kosa la Mauser, ni la baruti, lakini kosa la kuwaachia askari moshi huo miaka karibu 30 baada ya dawa kupatikana lina wenyewe.

Kwa walioko nchi zenye ruhusa na wanataka kununua: angalia skrubu kubwa yenye washa (kile kipete cha chuma) ubavuni mwa bolti, ndo inayozuia bolti isichomoke, ikilegea bolti yote inakubakia mkononi. Mulika ndani ya mtutu na tochi, baruti nyeusi isiposafishwa siku hiyohiyo inakula chuma, jamaa yangu anaosha kwa maji ya moto na sabuni kabla hata hajanywa chai. Na mkiona ile 71/84 yenye bomba la risasi nane chini ya mtutu msiikimbilie, ikijaa ni nzito mbele, na kila ukipiga uwiano unabadilika mkononi. Ya risasi moja ni tamu zaidi.