Riwaya za akili bandia na uchumi wa kesho: ununue ipi kwanza ukiwa Kisumu, Kakamega ama Nakuru

Kama unataka roboti zikipigana na maghorofa yakianguka, nenda uangalie sinema. Pesa ya kitabu iweke kwa stori inayouliza mashine zikishafanya kazi yote nani atalipwa na nani atakula. Hiyo ndo mizani yangu hapa, umaarufu wa kitabu siuhesabu. Naandika nikiwa Kisumu kwa hivyo mambo ya kununua ni ya huku, lakini mtu wa Kakamega, Busia ama Nakuru shida zetu ni zile zile.

Namba moja ni Player Piano ya Kurt Vonnegut. Ilitoka 1952 na watu hushangaa nikiiweka juu ya hizi mpya. Vonnegut alikuwa amefanya kazi General Electric kule Schenectady, Marekani, akaona kwa macho yake mashine zikichukua kazi ya fundi, ndo akaandika mji unaitwa Ilium ambapo mainjinia na mameneja wanaishi upande mmoja wa mto na wengine wote ng'ambo ile nyingine bila kazi ya maana. Kuna mzee humo anaitwa Rudy Hertz, fundi wa mashine ya kukereza vyuma. Vijana wa kampuni walikuja wakarekodi mikono yake akifanya kazi, wakaiweka kwa tepu, na tangu hapo tepu ndo inaendesha mashine, Rudy akaenda nyumbani. Na bado mzee anajivunia kwamba kati ya mafundi wote walimchagua yeye! Hapo soma polepole. Halafu fikiria hawa vijana wetu waliokuwa wanalipa nyumba kwa kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha onlaini, ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika yenyewe, ikatoka mwisho wa 2022 na kazi ikaanza kukauka, na hizo programu zenyewe zimefunzwa kwa maandishi ya watu. Ama chukua Kericho, Mei 2023, watu walipochoma mashine za kuchuma chai juu vibarua vinaisha. Vonnegut alishaandika mpaka hiyo, watu wanainuka wanavunja mashine, halafu (natoboa mwisho kidogo) vurugu haijapoa vizuri unakuta mtu ameinama anarekebisha mashine ya kuuza soda na wenzake wamemzunguka wanamshangilia. Sijasoma riwaya nyingine imemshika binadamu hivyo. Mpya lazima uagize, ya mtumba huonekana kwa nadra, ukiiona usiiache.

Namba mbili I, Robot ya Isaac Asimov, 1950. Ni hadithi tisa fupi fupi, Kiingereza chepesi, hata mtoto wa fomu tuu anasoma bila kamusi, kwa hivyo kama unamnunulia mtu anayeanza, anza na hii badala ya ile ya juu. Kila mtu anajua zile sheria tatu za roboti (isimdhuru mtu, itii amri, ijilinde) lakini mi nakwambia inunue kwa sababu ya hadithi ya mwisho, The Evitable Conflict. Hapo Mashine zinaendesha uchumi wa dunia nzima, njaa hakuna, vita hakuna, ila kuna vikosa vidogo vidogo, chuma kimezidi tani 20,000, mfereji wa Mexico umechelewa miezi miwili, na mkubwa wa dunia anataka kujua mashine isiyokosea imekoseaje. Sitakwambia jibu. Ukimaliza utabaki unajiuliza kama ungependa kushiba chini ya serikali kama hiyo. Filamu ya 2004 yenye jina hilo ni stori nyingine kabisa, usidhani ukishaiona umeshasoma kitabu.

Tatu ni Accelerando ya Charles Stross, 2005, na hii USINUNUE kwanza. Mwandishi mwenyewe aliiachilia bure kihalali kwa leseni ya Creative Commons, shusha kwa simu usome sura ya kwanza uone kama tumbo lako linaikubali, juu ni ngumu, maneno ya kompyuta yanakuja kama mvua na haingoji mtu. Hii ndo ya wale wanaouliza habari ya singulariti, yaani ule wakati mashine zimetushinda akili na zinajiboresha zenyewe mpaka sisi hatuwezi tena kufuata kinachoendelea. Vernor Vinge, mwalimu wa hesabu aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya, aliandika makala 1993 akasema ndani ya miaka 30 tutakuwa na uwezo wa kutengeneza akili kama hiyo, na sasa hivi kila mtu anabishana kama alikuwa sawa. Stross anaifuata familia moja vizazi vitatu. Baba anaanza kama mtu anayegawa mawazo yake bure na kuishi kwa fadhila za wale aliowatajirisha, mwisho sayari zinabomolewa zigeuzwe kompyuta, na kuna uchumi mpya ambao binadamu wa kawaida hawezi hata kuingia sokoni, akili yake haitoshi. Inatisha kuliko bunduki yoyote.

Klara and the Sun ya Kazuo Ishiguro, 2021, naiweka ya nne. Ndo rahisi zaidi kupata mpya, juu Ishiguro alipata Nobel 2017 na maduka huweka vitabu vyake. Anayesimulia ni roboti wa kumpa mtoto urafiki, ni nzuri na inaliza, lakini mambo ya pesa yamepita pembeni tu, baba wa yule mtoto ni injinia aliyetolewa kazini na nafasi yake ikachukuliwa na mashine. Natamani angekaa hapo zaidi.

Sasa kuna moja ambayo sijaipa namba kwa sababu akili bandia haimo, lakini ukiwa msomaji wa Kiswahili na umeikosa umejinyima. Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, Mkenya mwenzetu. Dzombo anahukumiwa kifo, anarushwa angani kwa chombo, anatua kwenye jamii ambayo hakuna mnyonyaji wala mnyonywaji. Watu wanasifu sana ule uchumi usio na pesa wa Iain M. Banks kwa The Player of Games (1988), na ni kweli ni kitabu kitamu, lakini kwa nini usisome pia swali hilo hilo kwa lugha yako? Waulize wauzaji wa vitabu vya shule vya zamani, ama nenda maktaba.

Kununua sasa. Mitumba ya kando ya barabara katikati ya mji, na soko la Kibuye siku ya Jumapili, unaweza kutoka na riwaya kwa mia moja, mia mbili, lakini lazima uchimbue, hazipangwi. Mpya kutoka nje mara nyingi inapita elfu moja. Maduka ya Nairobi yanatuma kwa basi, unalipa M-Pesa, na mkiwa wawili watatu agizeni pamoja ili mgawane ya kutuma. Kama mfuko umekauka kabisa, R.U.R. ya Karel Čapek (1920) na The Machine Stops ya E. M. Forster (1909) ziko bure kwa intaneti, na ile ya Forster utaimaliza kwa jioni moja.

Chungeni fotokopi. Siku hizi zimejaa, kava inang'aa kama ya duka, ndani karatasi nyembamba na wino umefifia. Kabla ya kulipa fungua katikati, angalia namba za kurasa zinafuatana, angalia kama mistari imepinda ama imekatwa ukingoni, vuta kurasa kidogo uone gundi. Kama unaagiza mbali, mwambie muuzaji akutumie kwa WhatsApp picha ya ukurasa wa haki za uchapishaji na ukurasa wa mwisho. Akikataa, tafuta mwingine.